Njaa Ambayo Haikupewa Jina

Siku moja sijaisahau, mwanangu, wala sitaki kuisahau, ingawa wengi wamenishauri niisahau. Ni siku niliyomlisha mdogo wangu sumu kwa mkono wangu mwenyewe, nikiwa msichana wa miaka tisa, huku ngoma ikilia kwa Jumbe, mkuu wa kijiji chetu. Naisimulia leo kwa sababu nina hasira. Wanangu wananiambia, "Mama, umri huu hasira za nini, presha itakupanda." Na ipande. Presha niliipata kwa kunyamaza, si kwa kusema.

Juzi tulikuwa msibani hapa Nguvumali, nyumba ya nne kutoka kwangu. Mtoto wa miaka mitatu ametumbukia katika shimo la bomba. Shimo lile lilichimbwa kabla ya Ramadhani, likaachwa wazi, mvua ikalijaza. Nikakaa mkekani na wanawake wenzangu, na kila aliyeingia alisema neno lile lile: "Kazi ya Mungu haina makosa." Mimi ni Muislamu, mwana wa Muislamu, kadari naijua na naiamini. Lakini karibu na mlango alikaa dada wa marehemu, binti wa miaka kumi au kumi na moja, ndiye aliyeachiwa mtoto siku ile. Halii. Anakwangua mkeka kwa ukucha. Nilimtazama nikajiona mimi, na badala ya kumwendea nikaona aibu ya watu, nikavaa viatu vyangu nikarudi nyumbani. Ndiyo maana nina hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni yangu mwenyewe.

Kaa, nikwambie.

Kwetu ni kijiji kimoja njia ya kwenda Maramba, penye kijito kinachoshuka kutoka milimani. Jina la kijiji sikitaji, maana waliobaki kule ni wajukuu na hawana kosa. Ilikuwa miaka ya hamsini, Uhuru bado. Masika yalileta mvua mbili yakaondoka, na vuli haikuja kabisa. Wala haikuwa kwetu tu. Watu waliokuja kutoka bara kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge walisema kwao ng'ombe wanaanguka malishoni na watoto wanazikwa wawili wawili. Nchi nzima ilikuwa inalia. Baba alikuwa mbali akikata mkonge, mama akamfuata huko kutafuta posho, tukabaki na bibi, mama yake mama: mimi na mdogo wangu Bakari, mwenye miaka minne. Bakari alikuwa na kichwa kikubwa na maswali kama kadhi.

Bibi alitulisha ndiga. Wewe ndiga huijui, na uombe usiijue. Ni kiazi cha porini, kina sumu. Unakimenya, unakikata vipande vyembamba, unavitia kikapuni, unakizamisha kikapu kijitoni maji yapite siku tatu, ndipo unaanika, unatwanga, unasonga. Maji yanayotembea ndiyo yanayoichukua sumu. Mwaka ule maji hayakutembea. Kijito kilikuwa kimebaki madimbwi, kila moja na vyura wake. Bibi akasema siku tatu hazitoshi, ziwe saba, na kila asubuhi tukihamishie kikapu dimbwi jingine. Kila jioni alichukua kipande akakigusisha ncha ya ulimi, kisha akatema. "Bado yumo," akisema, utadhani anazungumzia mtu.

Tukiwa katika hali hiyo, likaja lori la mahindi.

Mwanangu, hujaona watu wakishangilia. Magunia yalishushwa mbele ya baraza la Jumbe, yakaingizwa katika ghala la bati, na sisi watoto tukaokota punje zilizodondoka, tukazitafuna mbichi. Mahindi yalikuwa ya manjano, ya msaada, yametoka mbali. Tulidhani jioni ile tutakula ugali. Jumbe Mwinyijuma akatoka na kanzu yake nyeupe, akatia kufuli mlangoni, ufunguo akaufunga kwenye kamba akauvaa shingoni.

"Haya ni heshima ya Serikali," akasema. "Bwana Mkubwa wa wilaya atakuja mwenyewe kutoka mjini kuyafungua. Tutampokea kama watu, si kama kuku."

Basi yakaanza matayarisho. Wanaume waliokuwa hawawezi kusimama vizuri waliambiwa wapake mawe ya njiani chokaa. Wakajenga upinde wa makuti. Wanawake wakaitwa kila siku asubuhi kufanya mazoezi ya ngoma. Bibi yangu ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo katika kijiji, kwa hiyo yeye hakuwa na ruhusa ya kukosa. Jumbe alisema wazi: asiyekuja mazoezini asije mgawoni. Fikiria, mwanangu. Mwanamke mzima, tumbo limeshikana na mgongo, anaimba kushukuru mahindi ambayo hajayala, na mahindi yenyewe yako hatua ishirini kutoka anapocheza. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, lakini yule alikuwa anatujua. Alikuwa anatuona kila siku.

Asubuhi ya siku ya nane tangu lori lije, Bibi alipokuwa akijifunga kanga ya ngoma aliniambia, "Kikapu hicho leo ni siku ya nne. Usikiguse. Bakari akilia mpe maji, akilia tena mbebe. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Akaenda. Bakari akaamka. Nikampa maji, akanywa, akatapika maji. Nikambeba mgongoni tukazunguka nyumba. Ngoma ikaanza kulia kwa Jumbe.

"Dada, ngoma ya nini?"

"Ya mahindi."

"Yako wapi?"

"Yamefungiwa."

Akafikiri kidogo, kichwa chake kimelala begani kwangu. "Yamefanya nini?"

Nikampandisha vizuri mgongoni, nikaendelea kuzunguka. Ikafika saa ambayo hakulia tena, akawa anafungua mdomo tu bila sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. Nikaenda kwenye dimbwi nikatoa vipande, kiganja kimoja tu. Nikakigusisha kimoja ncha ya ulimi kama nilivyomwona Bibi. Kiliwasha, lakini kidogo. Nikajiambia kinawasha kama pilipili tu, na pilipili haijaua mtu. Nikavichemsha kwa maji mengi, nikayamwaga, nikachemsha tena. Nikajiona nina akili. Nikampa Bakari, akala vyote nilivyompa, akanilamba vidole. Mimi sikula. Vipande vitatu nilimwekea Bibi, maana nilijua atarudi amechoka.

Sitakusimulia alivyokufa. Nitakwambia tu kwamba ngoma haikunyamaza, na kwamba nilikimbia mpaka kwa Jumbe nikiita "Bibi! Bibi!" na mtu mmoja akanishika mkono akaniambia nisivuruge mstari. Tuliporudi, mtoto alikuwa ameshakakamaa. Kabla ya magharibi tulikuwa tumemzika.

Jumbe alikuja mazikoni. Alikuja na ufunguo wake shingoni, nikauona ukining'inia alipoinama kutupa udongo. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Kazi ya Mungu haina makosa." Watu wakaitikia. Mzee mmoja akaongeza kwamba jitihada haiondoi kudura. Usiku huo huo nikamwambia Bibi ukweli wote, vipande, vile vitatu nilivyomwekea, maji, na ule muwasho. Bibi alinifunika kinywa kwa kiganja chake.

"Nyamaza. Usimwambie mama yako, usimwambie mtu. Ni kazi ya Mungu, sawa? Sema."

Nikasema. Alinipenda, mwanangu, alikuwa ananikinga na maneno ya watu. Lakini mimi nilielewa hivi: kumbe kosa ni langu, na ni kubwa kiasi kwamba halitamkiki.

Ghala lilipofunguliwa sikwenda, nilikuwa na homa. Bibi alirudi na mgawo wetu akasonga ugali. Niliula. Ulikuwa mtamu, na nilijichukia kwa kuuona mtamu.

Sasa uijue desturi moja ya kwetu. Watu wa pande zile kila njaa huipa jina. Ipo iliyopewa jina la mizizi iliyochimbwa, ipo iliyopewa jina la majani, ipo ya magunia, watu walipoishiwa hata nguo wakayavaa. Mtu akikuuliza umri wako humwambii mwaka, unamtajia njaa uliyozaliwa. Ile yetu haikupewa jina. Wazee wakifika hapo walisema "ule mwaka" na kuangalia pembeni. Nilipokuwa mdogo nilidhani wanainyamazia kwa ajili yangu. Nilidhani kijiji kizima kinajua nilichofanya, na kinanisitiri. Nilikua hivyo. Nikipewa mtoto wa mtu nimshike nilimrudisha upesi, na mama yangu alikuwa akidhani mimi ni mvivu wa kulea.

Ikapita miaka saba. Nilikuwa na miaka kumi na sita, ukoloni bado haujaondoka, na tukaja mjini hapa hapa Nguvumali kwa harusi ya binamu yangu, binti wa Mjomba Rajabu. Mjomba Rajabu ni kaka yake mama. Zamani alikuwa karani wa Jumbe Mwinyijuma, ndiye aliyekuwa akimsomea barua, na baadaye akapata kazi nzuri mjini. Alikuwa mcheshi, watu walimpenda. Baada ya chakula cha mchana akawa barazani na wageni, anawavunja mbavu. Mimi nilikuwa napita na sinia la pilau.

"Jumbe wetu yule," akasema, "alikuwa na mambo! Aliazima viatu kwa Mhindi ili ampokee mzungu. Viatu vidogo! Siku kumi na moja anavivaa kila asubuhi, anasimama chini ya upinde, vidole vimevimba kama mihogo. Na mzungu haji! Siku ya kumi na moja anatokea tarishi mweusi mwenzetu na baiskeli, jasho linamtoka, anauliza, 'Mahindi yalitosha?' Jumbe akabaki mdomo wazi!"

Baraza zima likacheka. Mmoja akauliza, "Kwani mzungu alisema atakuja?"

"Wapi!" Mjomba akajifuta machozi ya kicheko. "Barua niliisoma mimi. Ilisema mahindi yakifika yagawiwe siku hiyo hiyo, asingojewe mtu. Nikamsomea Jumbe, akaniambia, 'Karani, barua hii hukuisoma vizuri.' Nikaona, ah! Nikaikunja nikaiweka."

Sinia niliweka chini. Sikulitupa, wala sikulia. Nilishangaa jinsi sauti yangu ilivyokuwa ndogo.

"Siku kumi na moja, Mjomba?"

"Ndiyo mama, kumi na moja."

"Bakari alikufa siku ya nane."

Mjomba akaniangalia, na niliona kwa macho yangu kwamba hajawahi kuhesabu. Miaka saba, na mtoto yule ni mwana wa dada yake, aliingia kaburini kumpokea, na hajawahi kuziweka siku hizo pamoja. Akasema, "Mwanangu, mimi nilikuwa karani tu."

Mama mmoja mtu mzima, jamaa wa bwana harusi, akanishika bega kwa upole. "Binti, harusini hapasemwi msiba. Ilikuwa kazi ya Mungu."

"Mungu hakuvaa ufunguo shingoni," nikamjibu.

Niliambiwa sina adabu. Mama alinitoa kwa mkono, analia, hajui alie kwa lipi, kwa aibu ya harusi au kwa mwanawe. Sikuomba radhi kwa mtu. Hasira hasara, wanasema, na kweli nilipata hasara: kwa Mjomba sikukanyaga tena mpaka alipokufa. Hasara hiyo naikubali.

Kesho yake nikapanda basi nikarudi kwa Bibi. Macho yake yalikuwa yameshafifia, akanijua kwa sauti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Harusi imekwisha mapema?"

Nikamweleza yote, barua, viatu, baiskeli. Alikuwa anachambua mchicha kwa kupapasa, akaendelea kuchambua mpaka nilipomaliza. Kisha akauliza kitu kimoja. "Na barua Rajabu aliisoma?"

"Aliisoma, Bibi."

Rajabu alikuwa mwanawe wa kumzaa. Akausogeza mchicha pembeni. Halafu akaniambia maneno ambayo sijamsikia mzee mwingine akimwambia mtoto, na nimeishi miaka mingi.

"Nilikukosea. Siku ile ulipokuja kuniambia, nilitakiwa nikuulize swali moja tu: ufunguo alikuwa nao nani? Nilijua alikuwa nao nani. Niliuona kila nilipoinua mikono kucheza. Nikaogopa mgawo, nikakuziba wewe mdomo, wewe mtoto, kwa sababu wewe ndiye niliyekuwa nakuweza."

"Lakini nilimlisha mimi, Bibi. Uliniambia nisiguse."

"Ulimlisha. Hilo lako, na ni kosa la mtoto aliyemhurumia mtoto. Kila mtu abebe gunia lake. Wewe umebeba lako na la Jumbe na la Rajabu na langu, ukiwa na miaka tisa. Shusha, mjukuu wangu."

Nikalia siku hiyo, baada ya miaka saba. Jioni akaniambia tena, "Njaa zetu tunaziita kwa jina la tulichokula. Ile tuiite kwa jina la tulichonyimwa." Tangu siku hiyo nyumbani kwetu, tukiutaja mwaka ule, husema mwaka wa kufuli. Jumbe alikuwa hai bado, na nasikia neno lilipomfikia alikasirika sana. Vizuri. Na akasirike.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na nitaisema wazi maana mimi si mtu wa mafumbo. Saa ya mtu kufa iko kwa Mungu, hilo usibishane nalo. Lakini kufuli ni la aliyelifunga, na shimo ni la aliyelichimba akaliacha. Ukimtwisha Mungu kosa la binadamu, hujamtukuza, umemsingizia. Na kosa likishapelekwa mbinguni, hapa duniani hakuna wa kulirekebisha, na kesho shimo liko pale pale. Wenye nguvu wanalipenda sana lile neno kwa sababu hiyo. Angalia msibani anayelisema kwa sauti kubwa kuliko wote ni nani.

Tena usiseme kamwe "mimi nilikuwa karani tu." Ukiisoma barua, umeisoma. Mjomba wangu hakumwua mtu, hakumwibia mtu, alikuwa mtu wa swala tano na mikono wazi. Alikunja karatasi. Ningemsamehe uoga, maana Bibi naye aliogopa. Kicheko ndicho kilichonishinda.

Na la mwisho ndilo linaloniuma. Aibu ya wakubwa hutafuta mahali pa kukaa, na hukaa kwa mdogo aliye karibu. Mtoto hataambiwa "ni wewe." Ataambiwa "nyamaza, ni kazi ya Mungu," na atajijibu mwenyewe. Mimi nilijijibu miaka saba. Yule binti wa jirani leo ni siku ya tatu anajijibu.

Kwa hiyo kesho asubuhi nataka unifuate, miguu yangu haina nguvu na njia ina matope. Tutapita kwanza kwenye lile shimo, nilione kama limefukiwa. Nimepita jana halijafukiwa, wameweka tawi. Halafu tutaingia nyumba ile, na safari hii sitakaa mkekani na wakubwa. Nitakaa pale mlangoni, nimwambie: "Ulimwacha mdogo wako dakika moja, hilo lako na ni dogo. Shimo hukulichimba wewe." Na mama zake wakisema harusini hapasemwi hiki na msibani hapasemwi kile, nitawauliza panaposemwa ni wapi.

Mungu akupe umri, mwanangu, na katika umri huo akupe mkono unaofungua. Asikujaalie cheo kitakachokufanya uwaone watu kama mstari. Akuepushe na kucheka pale ulipopaswa kuhesabu siku. Na siku utakapomzika mtoto wa mwenzako, baada ya dua na kabla hujajikung'uta udongo, akupe ulimi wa kuuliza: ufunguo alikuwa nao nani? Amin.